Tuliosoma Buyenzi

Hotuba ya walimu waliotoka Bujumbura, iliyosomwa mbele ya wazazi, wanafunzi na wageni katika Siku ya Mtoto wa Afrika, kambi ya Dzaleka



Kamati imetupa nafasi ya kusema maneno machache katika siku hii, inayoadhimishwa kila tarehe 16 Juni tangu mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto. Wanafunzi wale waliandamana mwaka 1976 wakikataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, na wengi wakapigwa risasi. Tuliombwa tuzungumzie shule tulizosoma sisi wenyewe tukiwa wadogo. Tuko wanne, wote watoto wa Buyenzi, wote tulipita chuo cha ualimu, na wote tulitoka nyumbani mwaka 2015. Tumeketi pamoja jioni tatu kuandaa maneno haya. Tulicheka sana, tukabishana pia, na mahali tulipobishana tutawaambia.

Kwa wasioijua, Buyenzi ni mtaa wa mji wa Bujumbura, mmoja wa mitaa ya kwanza ambayo Wabelgiji waliwatengea Waafrika wakati mji ukiitwa bado Usumbura. Upande wa kaskazini kuna mto Ntahangwa, jirani yake ni Bwiza, na ukitazama magharibi unaona milima ya Congo ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Barabara zake hazikupewa majina ya wakubwa. Zina namba tu. Mtoto akipotea unamuuliza, "Kwenu avenyu ya ngapi?" na akijua namba amefika nyumbani. Ni mtaa wa mafundi wa magari, wa soko la Ruvumera, wa misikiti, wa ndagala wanaokaangwa barabarani jioni, na wa Kiswahili. Mtu akishuka kutoka milimani akasikia Kiswahili chetu alikuwa akishika vizuri mfuko wake, kwa sababu katika Kirundi neno "Mswahili" lina maana nyingine ya mtu mjanja na mwongo. Tulikua na jina hilo mgongoni. Wengine wetu hapa Malawi wameshapewa majina mengine, kwa hiyo jambo hili si geni kwenu.

Wakazi wake walitoka kila upande. Kulikuwa na wajukuu wa Wamanyema na wa watu wa pwani waliokuja na misafara. Kulikuwa na Wabembe na Wafulero kutoka ng'ambo ya ziwa, Wanyarwanda waliokimbia mwaka 1959 na baadaye, wafanyabiashara wa Afrika Magharibi na kanzu zao pana, na familia zenye asili ya Omani. Na kulikuwa na Warundi wa makabila yote, Wahutu, Watutsi na Watwa, waliokuja mjini kutafuta kazi. Wote hao walileta watoto wao kwenye shule zilezile za msingi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wakati wa Wabelgiji shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misioni, na wazazi Waislamu waliogopa kwamba mtoto atakwenda shuleni Juma na kurudi Joseph. Wengi waliwaweka watoto wao kwenye chuo cha Kurani tu. Baadhi ya babu zetu waliweza kuandika barua nzima ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tena kwa mwandiko wa kupendeza, lakini hawakuwa na cheti hata kimoja, na kazi za ofisini zikawapita. Tunataja jambo hili kwa sababu tunawajua wazazi hapa kambini wanaomficha mtoto nyumbani kwa hofu ya namna hiyo. Hofu yenyewe tunaielewa. Hasara yake tuliiona kwa babu zetu.

Sasa tuingie darasani. Tulivaa sare ya kaki, wavulana na wasichana. Watu husema sare inaficha tajiri na maskini. Si kweli: kaki ya mtoto wa mwenye duka ilikuwa na rangi ya udongo mbichi, na kaki iliyovaliwa na kaka watatu kabla yako ilikuwa karibu nyeupe. Lakini kabila na dini ilificha kabisa, na hilo lilitosha. Tulikuwa zaidi ya 50 katika chumba kimoja, watatu au wanne katika dawati moja, na shule ilikwenda kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Zamu hizo ziliwafaa Waislamu sana, maana aliyesoma mchana alikwenda chuoni asubuhi, na aliyesoma asubuhi alikwenda chuoni mchana.

Kichekesho kikubwa kilikuwa lugha. Nyumbani tulisema Kiswahili. Darasa la kwanza lilifundishwa kwa Kirundi, na mwalimu mara nyingi alitoka mikoani, Ngozi au Bururi, na Kirundi chake kilikuwa kirefu kama mlima. Tena kulikuwa na Kifaransa kikitusubiri huko mbele. Siku ya kwanza mwalimu wetu mmoja alitupa heri kwa desturi ya kwao, "Murakaramba," yaani muishi miaka mingi. Sisi tulisikia "kulamba". Tukatazamana, tukangoja tuletewe kitu cha kulamba, na mtoto mmoja wa avenyu ya tisa akaanza kulamba mkono wake ili asionekane mkaidi. Na kuna neno "ejo". Katika Kirundi "ejo" ni jana na pia ni kesho, Mrundi halisi anajua kwa kusikiliza sentensi yote. Mwalimu akisema kazi italetwa ejo, nusu ya darasa ilidhani siku imeshapita, ikaenda kucheza.

Mwalimu yule hakutupiga kwa hilo. Alifanya jambo ambalo tumelikuta baadaye katika vitabu vya ualimu, ila yeye hakulitoa kitabuni. Alimketisha kila mtoto asiyejua Kirundi karibu na mtoto anayejua, na kila wiki aliwabadilisha. Mtoto wa Mbembe alifundishwa hesabu na mtoto wa Mhutu wa Kayanza, na wiki iliyofuata akaketi na mtoto wa Mtutsi ambaye baba yake alikuwa askari. Mpaka mwezi wa Desemba sisi sote tulikuwa tunasema Kirundi, kibovu lakini kinachofahamika. Na yeye mwalimu, bila kutaka, alikuwa anasema Kiswahili cha Buyenzi, tena na matusi yake mawili matatu ambayo hakujua kuwa ni matusi.

Mara moja tu kwa wiki tuligawanywa, nayo ni saa ya dini. Wakatoliki chumba hiki, Waprotestanti kile, Waislamu chini ya mti. Baada ya saa hiyo tulirudi, na kila mmoja alitaka kujua wenzake wameambiwa nini kuhusu moto wa Jehanamu na nani ataingia. Wakati wa Ramadhani watoto Wakristo walikula mandazi yao nyuma ya vyoo ili wasiwaudhi waliofunga. Hapa ndipo tulipobishana: mmoja wetu, ambaye ni Mwislamu, anasema walikula nyuma ya vyoo ili wasiombwe kipande. Tumeshindwa kuamua. Lakini sinia la pilau siku ya Idi lilipita kwenye nyumba zote za avenyu, na siku ya Krismasi lilirudi na kitu juu yake, kwa maana sinia la jirani halirudishwi tupu.

Michezo ilikuwa mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za mgomba. Mwaka 1992 timu ya Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika ikashindwa na Africa Sports ya Abidjan, na kaka zetu walikuwa bado wanasimulia fainali hiyo miaka mitano baadaye kana kwamba ilichezwa juzi. Kwa hiyo uwanjani kila mtoto alitaka kuwa Vital'O. Timu ya pili iliitwa timu ya pili tu. Tulichagua kwa kupokezana, nahodha huyu mmoja, nahodha yule mmoja, na aliyechaguliwa wa mwisho alikuwa yule asiyejua kupiga mpira, awe mtoto wa nani.

Tungeweza kuishia hapo, mkatupigia makofi. Lakini wengi mlioketi hapa ni watu wazima, na mnaijua nchi yetu.

Mwaka 1972 walimu na wanafunzi wa Kihutu kwa maelfu walichukuliwa shuleni na makazini wakauawa, na kwa miaka mingi baadaye wazazi Wahutu wengi waliona kumpeleka mtoto shule ni kumwandika kwenye orodha ya kifo. Katika miaka ya 1980 walimu wakubwa waliotufundisha chuoni walisimulia habari ya herufi mbili, "u" na "i", zilizowekwa kwenye karatasi za wanafunzi, moja kwa Mhutu na nyingine kwa Mtutsi, ili wanaosahihisha wajue nani apite kwenda sekondari. Herufi ndogo tu, pembeni ya jina. Mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba, wanafunzi Watutsi wa Kibimba walichomwa moto. Hatuyataji haya ili kupima nani aliumia zaidi. Tunayataja kwa sababu katika kila tukio mtu fulani alikuwa na orodha, au aliijua bila kuandika.

Vita vilipoanza mitaa ya Bujumbura iligawanyika, mmoja ukawa wa hawa, mwingine wa wale. Buyenzi ilikataa. Wazee waliweka zamu za usiku kwenye avenyu, Mhutu na Mtutsi, Mwislamu na Mkristo, wakilinda pamoja. Mwezi wa tatu mwaka 1995 mauaji yalifika hata Bwiza na Buyenzi, na watu wengi walivuka kwenda Uvira. Sisi wanne tulikuwa darasa la kwanza na la pili. Shule ilifungwa siku kadhaa. Ilipofunguliwa, akina mama wa avenyu zetu walitusindikiza kwa makundi, kila mama ameshika watoto ambao si wake, kusudi mtu mbaya asiweze kusema huyu ni wa kabila gani kwa kumtazama anayemshika mkono.

Madawati yalikuwa na nafasi. Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio akaanza kuita kama kawaida. Alipofika kwa jina la asiyekuwepo alinyamaza kidogo, akatia alama, akaendelea. Alifanya hivyo kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Mkuu wa shule alimwambia afute majina ya waliokimbia ili hesabu ya darasa iwe sahihi. Hakufuta. Mpaka mwisho wa mwaka tulisikia majina yote, na sisi watoto tulizoea kujibu kwa niaba yao kwa sauti ndogo: "Yuko Uvira." "Yuko Uvira." Wengine hatukujua walipo, basi tukasema Uvira pia. Katika daftari lile kulikuwa na namba, jina, na mwaka wa kuzaliwa. Tuliliona mara nyingi tulipotumwa kulipeleka ofisini. Hakukuwa na kitu kingine.

Mwaka 1996 nchi jirani zilituwekea vikwazo baada ya mapinduzi ya Julai, vikadumu hadi Januari 1999. Mafuta hayakupatikana, chaki ilikatwa vipande vitatu, daftari moja lilibeba masomo manne. Watoto wachache walirudi kutoka ng'ambo. Walikuta majina yao yapo.

Na tutaje jambo moja ambalo halikutokea Buyenzi. Katika seminari ndogo ya Buta, mkoa wa Bururi, tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Waliuawa 40. Vijana wale walikuwa wameishi na kusoma pamoja miaka kadhaa, na walimu wao walikuwa wamewafundisha kuzungumza waziwazi juu ya kabila na vita. Kwetu chuoni habari hiyo ilisomwa kama somo, na hapakuwa na mtu aliyeuliza swali siku ile.

Ndugu wazazi, sasa tunakuja kwenye jambo ambalo Kamati inalijua na ambalo tumeruhusiwa kulisema hadharani.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, na wenyeji hutuambia jina lake lina maana ya "sitarudia tena". Ilitengenezwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo tumepita 50,000. Mwaka 2023 familia nyingi zilizokuwa zikiishi Lilongwe na miji mingine zilirudishwa hapa kwa amri, na watoto wao wakaongezeka katika madarasa yaliyokuwa yamejaa tayari. Mgao ulipunguzwa. Watoto wanasikia maneno tunayosema usiku, asubuhi wanayaleta uwanjani. Tumeamua magomvi ambayo sababu yake ilikuwa mpira, lakini matusi yake yalikuwa ya kabila la mtu na nchi yake. Na katika kikao cha wazazi cha muhula uliopita lilitolewa pendekezo kwamba daftari la mahudhurio liongezwe safu mbili, utaifa na kabila, ili madaftari na sabuni zigawanywe kwa haki, na kwamba zamu ya asubuhi iwe ya watu hawa na ya mchana iwe ya wale, ili kupunguza vurugu.

Walioleta pendekezo si watu wabaya. Wamechoka kuona mtoto wao anarudi bila daftari. Mmoja wao alituambia, "Mwalimu, nyinyi mnasema habari za Buyenzi, mimi nasema habari ya kalamu." Ni neno zito, na tunalijibu kwa kalamu.

Kwanza, idadi ya watu kwa utaifa ipo katika ofisi ya usajili ya kambi. Shirika likitaka kujua limewafikia Wacongo wangapi na Warundi wangapi, litaipata huko, bila mwalimu kumsimamisha mtoto wa miaka saba mbele ya wenzake na kumuuliza yeye ni nani. Pili, madaftari yakiwa 40 na watoto 90, safu mpya haitazaa daftari la 41. Itatuambia tu nani wa kumchukia. Tunawaomba ndugu zetu wa mashirika watoe idadi kwa darasa, siku yenyewe, mbele ya wazazi wawili waliochaguliwa, na mgao ubandikwe mlangoni. Tatu, zamu. Zamu mbili za Buyenzi zilipangwa kwa umri na kwa nafasi. Tukizipanga kwa kabila tutakuwa na shule mbili zinazopishana mlangoni saa sita mchana, na hapo mlangoni ndipo mawe yatakapotupwa.

Tulibishana kuhusu lugha. Mmoja wetu anaona ni vizuri kuandika lugha ya nyumbani ya kila mtoto, kwa kuwa mtoto kutoka Ethiopia au Somalia aliyeingia hapa wiki hii hajui Kiingereza, wala Kichewa, wala Kiswahili chetu, na mwalimu lazima ajue. Wengine watatu tunaogopa kwamba hapa kwetu lugha ni jina jingine la kabila. Tumeafikiana hivi: mwalimu ajue kwa kumsikiliza mtoto, asiandike, na amketishe na rafiki wa kumsaidia, abadilishe kila wiki. Tumejaribu katika madarasa mawili. Watoto wa vijiji jirani, ambao nao wanasoma pamoja nasi, ndio wamekuwa walimu bora wa Kichewa. Wameshangaa kuona jinsi tulivyo karibu: nyumba kwao ni nyumba, moto ni moto, maji ni madzi. Mtoto wa Fizi aliyekuja Februari sasa anawasahihisha wazazi wake sokoni. Na mwisho wa darasa la nane mtihani ni mmoja kwa wote, hauulizi umetoka wapi.

Kamati itapiga kura juu ya safu zile Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, hapa hapa, na kila mzazi mwenye mtoto shuleni ana kura. Sisi wanne tutakuwepo tangu saa mbili kwa anayetaka kubishana nasi kabla. Daftari la sasa la darasa la kwanza tumelileta, liko kwenye meza ya Katibu, mnaweza kulitazama. Lina namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, na alama ya kuwepo. Kuna majina 11 ya watoto ambao hawajafika tangu Pasaka. Anayejua waliko, tafadhali amwambie mwalimu wa darasa. Hatujawafuta.